Hakuna, Daktari

Mjukuu wangu ni daktari wa saratani za akina mama. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndivyo ninavyofanya siku zote. Nikikutana na mtu stendi ya Same, hata kama namjua kwa sura tu, salamu haijaisha nimeshamwambia. Akiuliza saratani zipi, namtajia: ya mlango wa kizazi, ya nyumba ya mtoto, ya vifuko vya mayai. Wazee wenzangu wanaangalia viatu vyao nikifika hapo. Waangalie. Mimi niliona haya mara moja tu maishani kwa ajili ya mambo hayo, na mtu akafa.

Si mjukuu wa tumbo langu. Ni binti wa mtoto wa dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Kwetu hayo hatuyapimi kwa kijiko. Alijifunza kuchambua maharage kwenye ungo wangu kabla hajajua kuhesabu, na mpaka leo akija mlimani anavua saa ya mkononi, anavuta kigoda, anachambua.

Mwezi uliopita alikuja hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko hospitali mnakula dawa?"

"Tunakula chipsi, Bibi."

"Ndiyo maana."

Akachambua weee, kisha akaniambia kwamba Jumapili ya wiki ile, baada ya ibada, ataongea na akina mama pale uwanjani pa kanisa, na Jumatatu atawapima watakaokubali. Mchungaji ameshatangaza. "Nitaanza na habari yako, Bibi."

"Habari yangu ipi?"

"Yako wewe na bibi yangu aliyemzaa baba. Ulivyomwona anaumwa, ukamtoa huku juu ukampeleka Dar, wakati wengine walikuwa wanasema amerogwa. Nataka ukae mbele wakuone."

Nikamjibu, "Basi nitavaa kitenge kipya."

Mungu ananisikia. Hilo ndilo jibu lililotoka kinywani mwangu. Mimi ni mwanamke wa majivuno, siwezi kuukana moyo wangu mwenyewe, na kwa muda mfupi nilishajiona nimekaa mbele, kitenge kimepigwa pasi. Halafu mkono wangu ukasimama juu ya ungo, wala sikuweza tena kutofautisha harage zima na bovu.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Naandika pole pole, na mambo haya nimeyaandika kwenye daftari la hesabu la kitukuu kwa sababu mdomo wangu umezoea kuyasimulia vibaya.

*

Miaka ile tuliita miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, mafuta ya taa foleni. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu na mwenye duka mmoja, na siku nyingi mwenye duka ndiye kitu pekee kilichokuwa kwenye rafu, maana alipanda kulala. Khanga ilikuwa kitu cha kuota. Tulifua kwa majivu. Mwanamke akipata mche wa sabuni anaukata vipande kwa uzi, anaficha kimoja kimoja mahali mbali mbali kama panya.

Lakini maji tulikuwa nayo, kwa sababu ya ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa letu la mlimani, limezungushiwa udongo na mawe. Usiku mfereji unalijaza, asubuhi linafunguliwa, kila nyumba inapata maji ya shamba kwa zamu yake. Babu zetu walilichimba, na kila kiangazi likijaa tope tunalizoa kwa msaragambo. Pembe inapulizwa alfajiri kutoka juu ya kilima, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Asiyetokea anatozwa faini, na Mpare kwa faini ya jirani yake hana msamaha, atafuata kesi mpaka kwa mkuu wa wilaya.

Mimi nilikuwa kiongozi wa wanawake. Kazi yangu ya kwanza kila msaragambo ilikuwa kusimama pale ukingoni na kuwauliza wanawake, mmoja mmoja, sikioni, kama yuko kwenye siku zake. Aliye kwenye siku zake haingii ndivani, anabaki juu kupika makande ya watu wote. Ndivyo tulivyorithi. Damu ya mwanamke ikigusa ndiva, ukingo unapasuka. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa mtoto, na niliamini hivyo na vilevile niliamini Utatu Mtakatifu, na havikugombana kichwani mwangu. Wazee waliokoma sikuwauliza. Wa kuulizwa nini?

Dada yangu alikuwa amekoma miaka mingi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mjane, mwanawe mmoja tu ndiye aliyebaki nyumbani. Ndiye aliyenishika mkono kunifundisha kulima ngazi za mteremko nisiporomoke. Alfajiri ya msaragambo ule alikuja kwangu kabla ya pembe. Akasimama mlangoni, hakuketi.

"Mdogo wangu, imerudi."

"Nini imerudi?"

"Ile. Ya mwezi. Siku ya nne sasa."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa hadi kuku wakatoka uvunguni. "Kumbe umerudi usichana! Tukutafutie mume, sasa hivi, kuna yule mzee wa mnadani amefiwa."

Naye akacheka, maskini, kwa kuona aibu na kwa kufurahi kidogo. Tulikuwa tumewahi kuwasikia bibi zetu wakisema kwamba mwanamke mwenye bahati hurudishiwa damu uzeeni, kama mti uliokatwa ukachipua. Nilikuwa na jogoo mmoja. Nilimwambia jioni tutamchinja.

"Basi mimi nibaki juu nipike," akasema.

Hapo ndipo. Siku zote nikirudi nyuma naishia hapo. Wiki nzima nilikuwa nimejigamba mbele ya wanaume kwamba safari hii upande wa wanawake utamaliza tope kabla ya upande wao. Wanawake watatu walikuwa wameshaniambia wako kwenye siku zao. Dada yangu alibeba tope la watu wawili. Nikamwambia, "Hiyo si siku, dada. Siku ni za wenye kuzaa. Wewe jifunge vizuri uingie. Nani atakuuliza? Anayeuliza si ni mimi?"

Akaingia. Tulimaliza kabla ya wanaume. Niliwazomea, nikapiga vigelegele nimesimama juu ya rundo la tope kama jemadari. Dada alikuwa amekaa pembeni ameshika kiuno, nikadhani ni uzee.

Usiku wa pili ukingo ukapasuka.

Leo najua ulipasuka kwa sababu tulichimba karibu mno na mawe ya msingi kwa kukimbilia sifa. Siku ile hakuna aliyesema habari ya mawe. Wazee walikaa wakauliza ni mwanamke gani. Wakaniita. Nikawatazama usoni nikawaambia, "Nimeuliza wote. Wote walikuwa safi." Jioni nikaenda kwa dada, nikamkuta anachana kwa vipande bitana ya koti la marehemu mumewe, lile alilolitunza kwa nafthalini. Hakuwa na kitambaa kingine ndani ya nyumba. Damu ilikuwa haijakatika.

"Mdomo wako ufungwe," nikamwambia. "Mpaka watu wasahau."

*

Siku kumi baadaye akaja daktari.

Alikuja kwa gari la misheni kutoka bondeni, mwanamke kijana kuliko mimi, nywele amekata fupi kama za mwanafunzi. Tulikuwa tumezoea daktari mwanamume mwenye miwani. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Huyu mtoto ndiye daktari? Atatutibu au tumtafutie uji?" Lakini mtoto mwenyewe alipoanza kazi tulinyamaza. Vifaa alivichemsha mwenyewe kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa aliyokuja nayo kwenye chupa. Glavu hazikuwa za kutupa nyakati zile. Alizifua, akazigeuza ndani nje, akazipulizia pumzi kuona kama zimetoboka, akazianika kwenye kamba ya zahanati, akazipaka poda. Nilimsaidia kuzianika. Zilining'inia zikipunga upepo, mikono kumi na miwili isiyo na watu, watoto wa shule wakapita mbali.

Yeye alitoka pwani, na wazee wetu wengi walikuwa hawajui Kiswahili cha kutosha, wanaongea Chasu tu. Muuguzi alikuwa kwenye chanjo. Nani atafsiri? Mimi, darasa la nne, kiongozi wa wanawake. Nikasimama kando yake mbele ya mabenchi, kifua mbele.

Akaeleza kuna ugonjwa unaoota kwenye mlango wa kizazi kama uyoga kwenye gogo, kimya, bila maumivu mwanzoni. Nikatafsiri. Akaeleza kwamba ukiwahiwa unakatwa, ukichelewa hauna dawa. Nikatafsiri. Kisha akauliza: "Kuna mama yeyote hapa ambaye alishakoma, halafu damu ikarudi? Hata kidogo. Hata mara moja."

Nikageuka kwenye mabenchi nikatafsiri, sawasawa, sikupunguza neno. Hilo sikulifanyia hila. Dada yangu alikuwa benchi la pili, karibu na dirisha. Nikaona mkono wake unatoka ndani ya khanga. Haukuwa umeinuka bado, ulikuwa umefika hapa, kwenye kifua. Nyuma yake alikuwa amekaa mke wa mzee wa ndiva.

Nikamtazama dada. Sikumkonyeza, sikutikisa kichwa. Nilimtazama tu, kama anavyotazamwa mtoto aliyenyoosha mkono kwenye chungu mbele ya wageni. Mkono ukarudi ndani.

Nikamgeukia daktari nikasema, "Hakuna, daktari."

Akasema asante, mama, tuendelee.

*

Kwa miezi kadhaa damu ilikuja na kwenda. Ikikatika, tunasema imeisha. Ikirudi, tunasema ni ya mwisho. Halafu yakaanza maji, na harufu. Sijui nisemeje harufu ile bila kumvunjia heshima dada yangu, lakini nimesema nitaandika kweli. Ni harufu ya nyama iliyosahauliwa. Alijifukiza kwa mchaichai na majani ya mlimau. Alifua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Aliacha kwenda kanisani, akasingizia magoti. Mimi nilimtengea kikombe chake, nikakifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili kisichanganyike. Alikiona. Akasema, "Umenipambia kikombe," akanywa.

Ndipo mambo ya nchi yakabadilika. Ghafla ikawa ruksa kuuza na kununua chochote. Mnada wa bondeni ukajaa mitumba, marobota yanapasuliwa chini, mashuka ya Wazungu, suruali, sidiria za kila ukubwa watu wanazivaa juu ya nguo kwa mzaha. Sabuni za kila rangi. Nilinunua shuka mbili nyeupe nzuri sana, nikapanda nazo mlima nimezibeba kichwani, nikamwambia dada, sasa hutachana tena makoti. Akazipapasa. "Vitambaa vimekuja vingi," akasema, "lakini mdogo wangu, mimi nimeisha." Alipojaribu kusimama kunikaribisha, miguu ilikuwa imevimba, na ile shuka moja niliitumia palepale.

Nilimfunga kwa shuka hiyo mgongoni kwa mwanawe, tukamshusha mpaka barabarani. Hiyo ndiyo safari ninayosifiwa. Lori mpaka Same, basi mpaka Dar, yeye amelazwa kiti cha nyuma juu ya mfuko wa plastiki, abiria wamefungua madirisha yote. Kweli, hakuna mwingine aliyethubutu. Kweli pia kwamba wengine hawakujua. Nilijua mimi.

Kule hospitali ya saratani, wodi ya wanawake, tukamkuta daktari yule yule. Nywele bado fupi, ila usoni amekomaa. Hakunikumbuka. Alimwamkia dada yangu shikamoo, akavuta stuli, akaketi chini kuliko kitanda ili dada ndiye awe anamtazama kutoka juu. Watu wote waliokuwa wamemkaribia dada kwa miezi ile walikuwa wakivuta pumzi kwanza kama wanaoingia majini, na mimi mmojawapo. Yeye alipumua. Alimfunua, akamsafisha kwa mkono wake huku akimuuliza habari za tangawizi, bei ikoje huko kwenu, inapenda kivuli au jua. Halafu akatia kile chombo chenye mdomo wa bata, akawasha tochi.

Dada akatazama dari. "Watoto saba nimezaa," akasema, "na hakuna aliyewahi kunitafuta huko kwa tochi. Umepoteza nini, mwanangu?"

Daktari alicheka mpaka tochi ikatikisika. Alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa umeshajua. Akauliza taratibu, "Mama, damu hii ilianza lini?"

Nilikuwa nimesimama kichwani kwa dada, nimeshika mfuko wa nguo. Dada akanitazama. Akamtazama daktari. "Mwezi uliopita," akasema.

Daktari hakubisha. Aliandika. Lakini alikuwa ameona, na alijua kuwa kitu kile hakikuota kwa mwezi mmoja.

Walimpiga mionzi wiki kadhaa. Haikuwa ya kuponya, daktari alitwambia wazi, sote wawili, hakunivuta pembeni kama wafanyavyo. Alisema itakausha damu, itapunguza maumivu, itaondoa harufu. Na kweli iliondoa harufu. Dada alilala wodini anajinusa mkono kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Hilo peke yake, alisema, lilimtosha kupanda basi.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa nilimfuata daktari kwenye ukumbi mdogo anaponawia. Glavu sasa zilikuwa za kutupa, lakini mgonjwa anazinunua mwenyewe duka la nje, na wasiokuwa nazo daktari aliwafulia za zamani kwa siri. Alikuwa anazianika. Nikashika kamba, nikaanza kumsaidia bila kuambiwa, na hapo ndipo aliponitazama vizuri.

"Mama, wewe wa Upareni. Uliwahi kunianikia glavu."

"Ndimi niliyekutafsiria."

Nikamwambia. Nilimwambia ndiva, na ukingo, na benchi la pili, na ule mkono. Nikamwambia, "Ulipouliza, jibu lilikuwa limekaa hatua tano kutoka kwako, nami nikasema hakuna."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningelala usiku ule.

"Kila kijiji waliniambia hakuna," akasema. "Vijiji vyote, mama. Na mimi nikafurahi, nikapanda gari. Niliuliza vibaya. Nani atainua mkono kwa jambo kama lile mbele ya majirani na mke wa mzee? Nilitakiwa kuwaita mmoja mmoja."

Akaendelea kuanika. Nilijua wakati ule ule kwamba alikuwa anachukua nusu ya mzigo wangu kichwani pake, mtoto wa watu, na alikuwa na mizigo ya wodi nzima. Ningesema, hapana, daktari, wewe uliuliza swali, mimi nilikuwa na jibu. Sikusema. Nilimwachia abebe.

*

Dada alikaa nyumbani miezi michache, msafi, mwembamba, akipenda kukaa juani. Alijua anakwenda. Akaniambia, "Usiwaambie sasa. Nikishakufa waambie wanawake, wasije wakaficha kama mimi."

Kama mimi, alisema. Sikumrekebisha.

Tulimzika kiangazi, na kabla tanga halijasahaulika daktari akaja tena zahanati kwa gari lile lile la misheni. Safari hii alitundika khanga mbili chumbani, akaweka stuli nyuma yake, akasema ataonana na mama mmoja mmoja, hakuna mkalimani ila muuguzi. Mabenchi yalijaa, na hakuna aliyeinuka kwenda nyuma ya khanga. Walikaa kama waliogandishwa.

Basi nikasimama. Wote walinigeukia, maana mimi nikisimama nimesimama kweli. Nikasema kwa Chasu, "Dada yangu alirudiwa na damu, akaficha. Aliingia ndivani nayo, akaficha. Ameoza akiwa hai. Anayetaka kufa kama dada yangu akae hapo alipokaa."

Maneno makali. Yaliwatoa kwenye benchi. Mmoja akaenda, wa pili akafuata, mpaka jioni msururu ulikuwa haujaisha, na mmoja wao daktari alimkuta na kidonda kichanga, akakatwa, na yupo mpaka leo, ana meno yake yote, kila Krismasi ananiletea ndizi. Nakula ndizi zile. Zinanishuka kwa shida.

Kwa sababu sikiliza nilivyosema: akaficha. Neno moja, yeye, peke yake. Nilimsimamisha marehemu mbele ya watu nikamvalisha koti langu.

Na wazee wa ndiva wakasikia, bila shaka. Mke wa mzee alikuwepo. Wakakaa baraza wakasema, kumbe ndiye. Nyumba iliyoharibu itasafisha: tope lote la mwaka ule, bila msaragambo, bila pembe. Vijana wakacheka wakasema hayo ni mambo ya kale, nchi ni ruksa sasa. Mwanawe angeweza kukataa. Hakukataa. Alisema mama yake hatasemwa mara mbili.

Akaingia ndivani peke yake, na suruali yake ya mtumba aliyoipenda. Alizoa siku sita. Tope lile kwa kawaida linazolewa na watu sitini. Mimi nilikuwa bado kiongozi wa wanawake, hakuna aliyenigusa, na kila mchana nilimpelekea makande kwenye bakuli lililofunikwa. Siku ya sita viganja vyake vilikuwa vimefunguka, hakuweza kushika kijiko, akaniomba nimlishe. Nikamlisha. Alipomaliza akasema, "Asante, mama mdogo. Wewe peke yako hukututupa."

*

Hayo ndiyo yaliyousimamisha mkono wangu juu ya ungo.

Siku tatu nilizunguka nayo. Ijumaa asubuhi mjukuu akiwa anakunywa chai nikamwambia, "Jumapili sitakaa mbele." Akauliza kwa nini, nikamwambia kwa nini, kuanzia pembe ya alfajiri mpaka bakuli la makande. Nilitazama kikombe chake muda wote, si yeye. Nilitegemea machozi, au ile pole wanayofundishwa.

Aliuliza swali la daktari. "Miezi mingapi, Bibi? Kutoka siku ile ya kwanza mpaka mlipofika Dar."

Nikahesabu kwa shamba, kwa vidole. Mahindi ya vuli. Maharage ya masika. Tangawizi tuliyong'oa. Halafu vuli nyingine ilikuwa imeanza, tumeshapalilia mara moja. "Kumi na nne," nikasema.

Alifunga macho. Alikuwa anahesabu kitu chake, najua ni nini: mwezi wa pili ungekuwa vipi, wa tano ungekuwa vipi. Hakunitajia. Sikuuliza.

"Baba anajua?"

"Hajui."

Akainuka, akasuuza kikombe. "Basi vaa viatu."

Baba yake alishuka zamani kwenda kulima mpunga Kihurio. Tulishuka kwa gari ndogo, mjukuu mbele, mimi nyuma na magunia. Tulimkuta shambani, mzee sasa, mvi tupu, amezama magotini kwenye tope, anaelekeza maji kwa jembe. Alipotuona alinyoosha mkono juu kwa furaha, tope likamtiririka mpaka kwapani.

"Shikamoo, mama mdogo! Leo kuna nini, mmekuja kuniposea?"

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usije."

Nikamwambia kutoka ukingoni, kwa sauti, maana masikio yake si mazuri, na mpanda baiskeli aliyekuwa anapita njiani akasimama akasikia yote. Nilisema ni mimi niliyemwambia mama yake aingie ndivani. Ni mimi niliyejibu hakuna. Nilisema tope lile la siku sita lilikuwa langu.

Alitazama maji. Yalikuwa yamepata mwanya yakaanza kupotelea kwa jirani, akainama akaziba kwa viganja, akapigapiga udongo mpaka ukashika. Viganja vile.

Mwisho akasema, bila kugeuka, "Mama mdogo, niache nimalize zamu ya maji."

Zamu yake ilikuwa mpaka adhuhuri. Binti yake akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kumsaidia upande wa pili. Mimi nikakaa ukingoni juani, nikangoja.